Pangaboi Nyuma ya Mikaratusi

9 Machi

Mjomba,

Shikamoo. Sisi huku wazima, ukiacha goti la mama. Mbuzi amezaa pacha, na mmoja ana masikio kama yako. Ni mama aliyesema, mimi nimenakili tu. Kaka mkubwa anazidi kunawiri kule barabarani, duka lake la vifaa vya ujenzi limeongezwa chumba na yeye mwenyewe ameongezwa tumbo. Barua ikikufikia inanuka vitunguu usishangae, imesafiri na dereva wa lori la mboga. Simu yangu siku hizi ni kioo cha kunyolea. Mtandao haupandi mlimani, na kwenda kuchaji ni mwendo wa saa mbili kuteremka, kurudi sisemi.

Sasa sikiliza. Nguzo za umeme zilifika mpaka chini ya mlima wetu, tukashangilia, kisha zikakata kushoto kama mtu aliyeona mbwa. Kaka kapanda juzi, kanywa chai, kafuta mdomo, halafu katangaza: ikifika mwisho wa Novemba nyumba hii haina umeme, mama anahamia kwake, kwenye kile chumba kipya nyuma ya duka. Sababu zake ni mbili na zote ni za kweli, ndiyo maana zinaniudhi. Mama anashona sare za shule kwa cherehani ya kukanyaga, na goti limekataa kukanyaga. Halafu ukungu ukishuka, Juni mpaka Oktoba, saa nne asubuhi ndani ni giza, anashona pua ikigusa sindano. Cherehani ya mota ingemaliza la kwanza, taa ingemaliza la pili.

Mama alikata uzi kwa meno akaendelea kushona. Unamjua dada yako.

Mimi nikajibu kwa niaba yake. Nilimwambia kaka mama hatoki hapa, kwa sababu ninaweka pangaboi la upepo, la kufua umeme. Akacheka mpaka akashika mlango. Mjomba, hajanijua bado. Upepo wa hapa Machi hii ulimvua mwalimu mkuu kofia, tukaiokota ng'ambo ya bonde siku ya pili. Sasa wewe maisha yako yote uko juu ya mapangaboi makubwa huko kwenye kituo chenu cha umeme. Nakuuliza kwa heshima tu, maana jibu ninalo: pangaboi linafaa nyumbani kwetu?

Mpwa wako,
bingwa wa kuchomelea mlima mzima (tuko wawili, mwenzangu ni mzee na haoni)

2 Aprili

Mpwa,

Marahaba. Mpe dada salamu, na mwambie masikio yangu hayajambo. Huku kazi zinaendelea.

Unauliza kama linafaa. Mtu anayejibu swali hilo bila kupima anakuuzia kitu. Kofia ya mwalimu siyo kipimo. Nataka kujua upepo unavuma kiasi gani katika ile miezi mnayouhitaji, siyo Machi. Nataka kujua nini kimesimama karibu na nyumba. Upepo ukigonga kitu kirefu huvunjika, unazunguka-zunguka nyuma yake, na pangaboi linalokaa humo linatikisika tu, halifui umeme. Ile mikaratusi ya marehemu baba yako imefika urefu gani sasa?

Dereva atakupa kifurushi. Ndani kuna kipima upepo, vile vikombe vitatu vinavyozunguka. Kifunge kwenye mlingoti mrefu, pale pale unapotaka kuweka pangaboi, siyo kule kunakokupendeza. Soma asubuhi, mchana na jioni, uandike mita ngapi kwa sekunde na hali ya hewa ilikuwaje. Chini ya mita tatu pangaboi dogo halianzi hata kuzunguka. Kuanzia tano tunaweza kuzungumza. Pima miezi mitatu.

Umeshanunua?

Mjomba wako

20 Aprili

Mjomba,

Shikamoo. Mama anasema asante kwa dawa ya goti, ameipaka, sasa goti linanuka mnanaa na linauma vilevile.

Kipimo kimefika. Kizuri, ila nyie watu wa vituo mnapenda kuhangaisha. Miezi mitatu kupima hewa? Mtu anayetaka kufua nguo hapimi maji ya mto kwa kijiko. Lakini kwa vile wewe ni mjomba, na mjomba hakataliwi uso kwa uso wala kwa barua, nimechomelea mlingoti wa mabomba, mita tisa, umeshikwa na nyaya tatu, umesimama kama askari mgeni. Watoto wa shule wanapita wanauliza kama ni redio. Nawaambia ni ya kusikiliza mnayosema darasani. Sasa wanapita kimya.

Mikaratusi imefika mita kumi na tano, labda na zaidi. Imezunguka nyumba pande tatu. Nilimgusia mama habari ya kuikata. Nilimgusia kidogo tu, kama unavyogusa pasi kujua kama ni ya moto. Ilikuwa ya moto. Alisema mikaratusi hiyo aliipanda na baba siku mvua ya upepo ilipobomoa jiko la nyumba ya kwanza, na anayetaka kukata akate kwanza miti ya kumjengea nyumba nyingine ya kulala.

Kwa hiyo inabaki. Pangaboi litazoea.

Mpwa wako,
mtaalamu wa mlingoti

18 Mei

Mpwa,

Marahaba. Nafurahi kusikia dada bado ana ulimi.

Pangaboi halizoei. Mti wa mita kumi na tano unataka mlingoti uupite kwa mita kumi, hiyo ni ishirini na tano, na wewe una tisa. Nakwambia mapema ili usije ukaniambia sikukwambia. Hata hivyo pima, maana mimi siko hapo na naweza kukosea kuhusu upande mmoja wa mlima.

Sijaona daftari. Mwezi mzima sasa. Na swali langu la mwisho hukulijibu: umeshanunua?

Mjomba

14 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Pacha wa mbuzi wako wawili bado, yule wa masikio amekula nusu ya shati langu la sherehe. Ukungu umeshuka tangu mwisho wa Mei. Mama amesogeza cherehani mpaka kizingitini ili apate mwanga, na anayetaka kuingia ndani anapita juu ya vitambaa kama mwizi.

Haya, daftari ndilo hili, ukurasa mzima, tarehe 20 Mei mpaka 12 Juni, asubuhi mchana jioni. Utaona mita sita, mita saba, mita tano na nusu. Mimi mwenyewe nilishangaa. Mlima huu ungekuwa mtu ungekuwa unakimbia mbio. Nimeandika na hali ya hewa kama ulivyotaka, siku kwa siku, usije ukasema aliyeishia kidato cha pili hajui kujaza jedwali. Sasa nipe baraka zako tusonge mbele, siku zinakwenda na kaka ameshapaka rangi kile chumba. Rangi ya waridi, mjomba. Mama yangu akae kwenye waridi.

Kitu kimoja. Dereva anasema anayekuja kupokea barua zangu hapo getini kwenu ni mtu wa makamo mwenye magongo mawili, na ndiye anayempa majibu yako. Nimemwambia huyo atakuwa mlinzi. Mjomba wangu hana muda wa kukaa getini, yuko juu, mita themanini, anakula kiporo na mawingu. Sivyo?

Injinia

30 Juni

Mpwa,

Marahaba.

Tarehe 3 Juni asubuhi umeandika: mita saba. Hali ya hewa: "ukungu mzito, choo hakionekani."

Upepo wa mita saba ungekuonyesha choo chako, na cha jirani, na jirani akiwa ndani. Ukungu unakaa pale ambapo hewa imelala. Ukiona ukungu mzito kuanzia asubuhi mpaka jioni, usisumbuke hata kutoka kusoma kipimo. Siku kumi na saba kati ya hizo ishirini na nne umeniandikia ukungu mzito na upepo mkali kwenye mstari mmoja. Hivyo viwili havijawahi kulala kitanda kimoja tangu mlima huo uumbwe.

Halafu ukurasa mzima umeandikwa kwa kalamu moja, kwa mkono mmoja usiochoka, bila doa la tone la mvua. Mtu aliyesoma kipimo nje mara sabini na mbili hana daftari safi namna hiyo.

Hali ya hewa uliandika kweli, kwa sababu hukujua kama ina maana. Namba ulitunga.

Nauliza mara ya tatu. Umeshanunua?

Mjomba

8 Julai

Mjomba,

Shikamoo, maana adabu yangu haijaisha ingawa uvumilivu umeisha.

Ndiyo, nilitunga. Siku nne za kwanza nilisoma kweli, kipimo kikawa kinaniangalia tu, vikombe vimelala kama ng'ombe wanaocheua. Nikaona kimeharibika kwa safari ya kwenye vitunguu. Nikaandika namba ambazo kingesoma kama kingekuwa kizima.

Na ndiyo, nimenunua. Nilinunua Februari, kabla sijakuandikia hata barua ya kwanza. Nilibadilishana na Bwana Mitambo, muuza mashine wa njia panda: yeye akanipa pangaboi, mabawa matatu, yamepakwa rangi nyekundu nchani, mimi nikampa jenereta langu na mashine ya kuchomelea. Aliniambia linafaa popote penye hewa. Sasa unajua. Bingwa wa kuchomelea hana cha kuchomelea, ule mlingoti nilichomelea kwa mashine ya kuazima. Sikukwambia kwa sababu ungesema hivi hivi unavyotaka kusema sasa hivi, nakuona mpaka hapa unavyovuta pumzi.

Usiseme. Wewe hujaja hapa tangu matanga ya baba, miaka sita. Kila mwaka "kazi zinaendelea". Kaka angalau anapanda mlima kuja kututukana. Wewe unatukana kwa posta. Unajua mita saba na mita tatu, unajua ukungu unalala na nani, lakini hujui mama anavyoshuka kitandani asubuhi, anashika ukuta, anasimama, anangoja goti likubali. Hilo halina kipimo cha vikombe.

Jumamosi ya mwisho ya mwezi huu napandisha pangaboi. Mlingoti upo. Nimeweka vipande vya nondo kama ngazi, nitapanda nalo mgongoni, nilifunge mwenyewe, na lisipozunguka nitalizungusha kwa mkono mpaka Novemba. Nimeita watu waje waone. Kaka pia nimemwita.

Usihangaike kujibu. Kazi zinaendelea.

Mpwa

15 Julai

Mpwa,

Marahaba. Nimempa dereva barua hii mkononi na nimemwomba asishushe hata kitunguu kimoja kabla hajakufikia.

Mtu wa magongo pale getini ni mimi.

Kwenye minara yetu kuna jukwaa dogo la kusimamia fundi, limeshikwa na nati kumi na mbili. Zikishakazwa unasaini karatasi. Nilikaza nane, mvua ikaanza, nikateremka nikasaini kumi na mbili. Nilijiambia nitarudi kesho kumalizia zile nne. Kesho yake nilipewa mnara mwingine. Wiki iliyofuata aliyetumwa kwenye lile jukwaa ni mimi. Hakuna mtu aliyenisukuma na hakuna wa kulaumu. Niliisoma saini yangu kwenye karatasi iliyobandikwa ukutani mwa mnara, dakika moja kabla ya kukanyaga na kuanguka.

Ilikuwa miaka mitano iliyopita. Sasa niko stoo, nagawa nati hizo hizo kwa vijana. Dada sikumwambia kwa sababu ameshazika mume, na kwa sababu naona aibu. Sababu ya pili ndiyo kubwa.

Umri wangu na ujuzi wangu havikunizuia kuandika namba nisiyoipima, kwa hiyo sikucheki. Ila usipande. Mlingoti wa nyumbani haupandwi kabisa. Unawekewa bawaba chini, unalazwa, unafunga kitu ukiwa umesimama kwenye majani, halafu mnauinua kwa kamba watu wanne. Hilo ni la kuanzia.

La pili, kama bado unataka kunikasirikia, nikasirikie ukiwa na daftari la kweli. Kipimo hakijaharibika. Anza kesho.

Mjomba wako

18 Septemba

Mjomba,

Shikamoo.

Sikupanda. Watu walikuja Jumamosi ile, kama arobaini, kaka mbele kabisa na kiti alichokuja nacho. Nikatoka nikawaambia hakuna kuinua kitu leo, kuna kupima, anayetaka kuangalia kipimo na akiangalie. Walizomea. Kaka akaniuliza mbele za watu kama naogopa urefu. Nikamwambia ndiyo, naogopa, na naogopa hivyo nikiwa na uzito nusu ya wake. Wakacheka wakaondoka. Mama alikuwa mlangoni na barua yako mkononi. Ndiyo, nilimpa. Nikasirikie ukipenda. Aliisoma mara mbili, akasema "mjinga huyu", akaingia ndani, na cherehani haikusikika mpaka siku ya pili.

Nimepima siku sitini na moja, kuanzia tarehe 19 Julai mpaka jana, mara tatu kwa siku, mara mia na themanini na tatu, na nakutumia kurasa zenyewe, siyo nakala. Doa la njano ni chai. Pale kwenye tarehe 6 Agosti ni ulimi wa mbuzi. Niliulaza mlingoti kwanza nikaweka bawaba kama ulivyosema, na nilipima pale pale nyuma ya mikaratusi.

Mara mia na hamsini na tisa kipimo kilikuwa chini ya mita tatu. Mara ishirini na mbili kilikuwa kati ya tatu na nne. Mara mbili tu kilifika tano, zote siku moja, ile ambayo ukungu ulipasuka. Nikajaribu na kile kichwa cha mlima kisicho na mti, mwendo wa nusu saa juu yetu, nikidhani ndiyo nimekukamata. Ukungu ukiwepo, kule nako vikombe vimelala. Machi kule lazima panavuma vizuri sana. Mama hahitaji taa Machi.

Kwa hiyo nasema mimi, siyo wewe: haufai. Upepo huu haufai nyumba hii, na nyumba hii haiondoki, kwa hiyo upepo ndio utakaoondoka kwenye hesabu. Usidhani nimeshindwa. Aliyeshindwa ni yule aliyeniambia popote penye hewa.

Nilimrudia wiki iliyopita, pangaboi kwenye lori juu ya kabichi, kusoma kipimo nikamwachia mama. Nikamwambia Bwana Mitambo, chukua mtambo wako, nipe paneli za jua mbili kubwa na betri, tufanye biashara ya watu wazima. Akasema mali ikishatoka mlangoni imeolewa, hairudi kwao. Nikasema sawa. Nikageuza kreti la soda pale pale mlangoni kwake, nikakaa, nikafungua daftari nikaanza kusoma kwa sauti. "Tarehe kumi na tisa Julai. Asubuhi, sifuri. Ukungu mzito. Mchana, sifuri nukta nane. Ukungu mzito. Jioni, sifuri."

Akaniambia ondoka. Nikamwambia niko barabarani, kreti langu, sauti yangu.

Kuna baba mmoja alikuja kununua pangaboi la nyumba yake bondeni. Akauliza, "Kijana, hiyo ni sala au ni nini?" Nikamwambia ni upepo, mzee, wa kwangu, wewe wa kwako umeupima? Akamwangalia Bwana Mitambo. Bwana Mitambo akaangalia dari. Yule baba akasema atarudi, na alisema kwa ile namna ya mtu asiyerudi. Mpaka jioni waliondoka watatu.

Siku ya pili nilifika asubuhi kabla hajafungua mlango. Saa sita akatoka, akaketi pembeni yangu kwenye ngazi, amechoka.

"Umefika wapi?"

"Agosti ishirini na mbili, mchana. Mita moja nukta mbili."

"Bado nyingi?"

"Siyo nyingi. Lakini nikimaliza naanza upya, maana kuna watu wamechelewa kufika."

Akasikiliza mpaka tarehe ishirini na tano. Kisha akasema, "Una roho mbaya wewe," akaingia ndani akatoka na paneli. Mbili kubwa, na betri iliyotumika mwaka mmoja. Jenereta langu alikuwa ameshalitoa kwa mtu, hilo limekwenda. Mashine ya kuchomelea ilikuwa kwenye kona ina vumbi, nikaichukua bila kuuliza na hakuuliza. Nimeingia ubia na yule mzee mwenzangu: yeye ana jenereta, mimi nina macho.

Niambie sasa nizifunge vipi. Na niambie kweli, kwenye ukungu zitatoa kitu au nimebeba vioo?

Mama anasema ukiandika usianze na "kazi zinaendelea."

Mpwa wako

27 Septemba

Mpwa,

Marahaba. Kazi zimesimama kidogo leo, nimekaa nasoma daftari lako. Nimewaonyesha vijana wa hapa ukurasa wenye ulimi wa mbuzi. Mmoja aliniuliza nani fundi huyu. Nilimwambia ni mtoto wa dada yangu.

Kwenye ukungu mzito paneli hutoa robo ya nguvu yake, siku nyingine pungufu ya hapo. Ndiyo maana ya kuweka kubwa kuliko unavyodhani unahitaji, na umefanya hivyo, hata kama ulifanya kwa ubishi. Mota ya cherehani ni wati mia, taa zako tatu ni kumi na tano kwa jumla. Dada atashona kwa mota saa mbili kila siku ya ukungu, na taa zitawaka asubuhi nzima. Siku ya jua atashona mpaka achoke yeye. Ziweke paneli mbali na kivuli cha mikaratusi, upande ule wa nne ulio wazi, ziinamishe ili umande uteremke wenyewe, na uzifute kila asubuhi. Zifunge chini, kwenye fremu. Usipande paa.

Mota ya cherehani natuma na dereva. Usinishukuru, imetoka kwenye stoo yangu mwenyewe nyumbani.

Habari ya kuja nimeisoma hata pale ambapo hukuiandika. Mlima ni mlima na magongo ni magongo. Sisemi zaidi.

Mjomba

30 Novemba

Mjomba,

Shikamoo. Mama mzima na goti lake limekaa chini ya meza halina kazi, anasema linamshangaa. Pacha mwenye masikio tumembadilisha kwa mitetea miwili. Usijisikie vibaya.

Paneli nilizifunga tarehe 4 Oktoba, ukungu ukaondoka tarehe 19. Siku kumi na tano za giza mama alishona kila siku, siku moja ikiwa saa moja na dakika kumi tu, siku nyingine karibu saa tatu. Ninaandika. Ugonjwa huo umeniambukiza wewe.

Leo ndiyo ilikuwa siku ya kaka. Alifika saa tatu asubuhi na lori la duka, vijana wawili wa kubeba, kamba na turubai. Hata godoro jipya alikuwa ameshaliweka kule kwenye waridi, alituambia. Akaingia, akaangalia taa, akaangalia paneli nje, akarudi akasimama katikati ya chumba mikono kiunoni.

"Wewe si ulisema pangaboi?"

"Nilisema."

"Mbele ya watu."

"Mbele ya watu arobaini, na wewe ulikuja na kiti."

"Kwa hiyo ulikosea."

"Nilikosea," nikamwambia. "Tena sana. Nimekosea kwa maandishi, siku sitini na moja, mara tatu kwa siku, na sahihi ya mbuzi. Wewe siku utakayokosea uniletee ushahidi kama huo, nitakuheshimu."

Vijana wa kubeba wakaangalia chini. Kaka akaona mimi siwezekani, akageukia upande wa mama kwa sauti ile ya upole anayotumia kwa wateja wakubwa. Akasema hizi siku ni za jua, mama, kila kitu kinafanya kazi siku za jua. Subiri Juni. Juni huyu mtoto atakuwa amebadilishana paneli na baiskeli.

Nilifungua mdomo. Mama akanyoosha kidole bila kuniangalia, nikaufunga.

Alimaliza mshono aliokuwa nao. Mota ikanyamaza. Akakunja shati, akaliweka juu ya mengine, akavua miwani.

"Lori umekuja nalo lile kubwa?"

"Ndiyo, mama. Linatosha kila kitu, hata kabati."

"Na vijana hawa wana nguvu?"

"Wana nguvu."

"Vizuri. Sare mia mbili na kumi ziko chumba cha nyuma, nimezifunga ishirini ishirini, kumi za mwisho ni hizi hapa. Zifike shuleni kesho asubuhi. Mwalimu mkuu asaini kila furushi, usikubali asaini mara moja kwa yote. Na ukirudi niletee kitambaa cha bluu, hiki kimekwisha."

Kaka akabaki amesimama. Akasema, "Mama, mimi nimekuja kukuchukua wewe."

"Nimekusikia tangu Machi," mama akasema. "Beba hizo za mbele kwanza, ziko karibu na mlango."

Mjomba, alibeba. Furushi la kwanza alilibeba mwenyewe, na shati lake la duka, vijana wakamfuata. Sasa hivi ninavyoandika nalisikia lori linateremka kona ya pili, limejaa, na ndani huku mama ameshakaa tena anatafuta uzi mweusi.

Anasema kile chumba cha waridi, kwa vile kiko chini, kando ya barabara, na hakina ngazi hata moja, kaka ameshakubali kukipa mtu mwingine. Hakukubali, hajaulizwa bado. Godoro ni jipya. Dereva wa mboga anaondoka hapo kwenu kila Alhamisi, na pembeni yake kuna kiti.

Mpwa wako